Msikilizaji wa Kusini haikimbii sayansi

Simulizi za sauti zimeshakuwa sehemu ya siku. Fundi cherehani anashona huku simu ikisimulia, mlinzi wa ghala la korosho anakesha nayo, dereva wa bajaji anaitegea sikio akisubiri abiria. Kwa muda mrefu zilikuwa za aina tatu: mapenzi, ujasusi na majini. Sasa imeingia ya nne, simulizi ya sayansi ya kubuni inayotoka kwa vipande: chombo kimepotea karibu na Mirihi, mtambo ulio chini ya bahari umeanza kujibu wenyewe, mji wa mwaka 2190 umeishiwa maji. Pamoja nayo imeingia kauli ambayo watayarishaji wameikariri kama dua. Sehemu ya kwanza inasambaa, wanasema, ya pili inasikilizwa, ikifika ya nne watu wameshatoweka, na sababu ni kwamba sayansi ni ngumu kwa msikilizaji wa kawaida, hasa huku Lindi na Mtwara. Baadhi wameshaanza matibabu: wamepunguza sayansi, wameongeza milio, wameiachia kompyuta isome, na msimu mzima wanaumwaga kwa siku moja.

Ugonjwa huu umepimwa vibaya, na dawa zinazotolewa ndizo zinazoua. Msikilizaji haikimbii sayansi. Anakimbia sauti ambayo simu yake haiwezi kuitoa, msimulizi asiyempa pa kusimama, na mwendelezo usiomwachia hamu. Yote hayo ni mambo ya ufundi, na yanarekebishika bila kufuta neno hata moja la sayansi.

Tuanze na masikio yenyewe, maana masikio ya Mtanzania hayakuanza jana. Julai 1993 Redio Tanzania Dar es Salaam ilianza kurusha Twende na Wakati, mchezo wa mfululizo wa nusu saa, mara mbili kwa wiki. Mada zake zilikuwa uzazi wa mpango na UKIMWI, mambo ambayo wakati ule yalikuwa mazito kuyatamka mbele ya wakwe kuliko injini yoyote ya roketi. Watafiti waliliacha eneo la matangazo la Dodoma bila mchezo huo kwa miaka miwili ya mwanzo ili wapate cha kulinganisha, na tofauti ikaonekana. Lakini muulize mtu mzima aliyeusikiliza anakumbuka nini. Hakutajii vidonge. Anakutajia Mkwaju, dereva wa malori, na mkewe Tunu, na mabishano ya kesho yake kazini juu ya nani mwenye makosa. Mada ngumu ilipita kwa sababu ilibebwa na watu, na kwa sababu kati ya kipindi na kipindi palikuwa na siku za kubishana.

Ukitoka redioni, nenda banda umiza. Muvi ni ya Kichina au ya Kimarekani, na juu yake imekaa sauti moja ya Mswahili anayetafsiri, anayetania, anayemwonya mhusika asifungue mlango. Wapo watazamaji ambao muvi isiyo na sauti hiyo wanaiona chapwa. Hawa ndio watu tunaoambiwa kwamba wanachoshwa na usimulizi. Na anayeshikilia kwamba anga za juu zinahitaji picha, jibu lake ni la zamani: mwaka 1953 BBC ilianza kurusha Journey into Space, mchezo wa redio wa Charles Chilton kuhusu safari ya mwezini. Televisheni ilikuwa imeshaingia majumbani, na bado mchezo huo unakumbukwa Uingereza kuwa kipindi cha mwisho cha redio kuishinda televisheni kwa hadhira ya jioni. Picha ilikuwepo. Watu wakachagua kufumba macho.

Sasa usimulizi wenyewe, maana hapa ndipo penye nyama. Chukua sentensi ya aina hii: "Chombo hicho cha kisasa chenye injini nne za nyuklia kilikatiza anga kwa kasi ya ajabu kuelekea sayari ya kutisha." Sikio halina pa kushika. Ajabu kiasi gani? Inamtisha nani? Injini nne msikilizaji atazihitaji lini? Weka hii badala yake: "Saa nane usiku. Ndani ya chombo, feni moja inazunguka. Jana zilikuwa mbili." Kisha nyamaza sekunde mbili na nusu. Hakuna neno la kisayansi hapo, lakini msikilizaji ameshafungiwa ndani ya chuma, ameanza kuipima hewa kwa pua yake mwenyewe, na amejua bila kuambiwa kwamba kuna kitu kinaharibika polepole. Baada ya hapo mweleze kwamba mahali pasipo na uzito hewa ya moto haipandi yenyewe kama inavyopanda jikoni kwake, kwa hiyo feni ikizimika, pumzi chafu ya mtu aliyelala inabaki imemzunguka kichwa mpaka anaamka na maumivu, au haamki. Atakusikiliza kama anavyomsikiliza daktari aliyeshika majibu ya vipimo. Sayansi imekuja baada ya hofu, imekuja ikiwa jibu, na hakuna mtu anayekimbia jibu la swali ambalo ameshajiuliza.

Kazi hiyo ina vipimo vyake. Kiswahili kina maneno marefu, na msimulizi mtulivu husoma maneno 110 hivi kwa dakika. Kipindi cha dakika 25, ukitoa nafasi za ukimya na za milio, kinabeba maneno kama 2,200. Anayebana 3,000 atakimbia, na anayekimbia huanza kumeza silabi za mwisho, ambako Kiswahili huweka sehemu ya kukanusha: kati ya "anafungua" na "hafungui" kuna herufi chache tu za kumwokoa mhusika. Jina jipya la mtu lisizidi moja kwa tukio. Neno jipya la kitaalamu litamkwe mara tatu ndani ya kipindi kilekile, na mara ya kwanza liwe mdomoni mwa mtu anayelitumia kazini, si mdomoni mwa msimulizi anayelifafanua. Tarakimu mbili kwa dakika zinatosha. Na ukimya usiogopwe. Usiku wa Oktoba 30, 1938, katika mchezo wa The War of the Worlds uliorushwa Marekani na CBS, kilichowakaza watu si mashine za Mirihi. Ni mtangazaji kukatika katikati ya sentensi na hewa kubaki tupu kwa sekunde kadhaa. (Magazeti yaliikuza mno hofu ya usiku ule, lakini ule ukimya ulikuwa wa kweli, na unafundishwa mpaka leo.)

Hoja iliyo dhaifu kuliko zote ni kwamba Kiswahili hakina maneno ya kuibeba sayansi, au kwamba wa pwani hana pa kuianzia. Lugha hii ilikuwa na Utaridi, Zuhura, Mirihi, Mshtarii na Zohali kabla hatujajengewa shule za kutufundisha majina ya Kiingereza. Mkulima aliusoma msimu kwenye nyota: Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Mvuvi wa Mikindani hahitaji kufundishwa kwamba mwezi unavuta bahari. Anapanga siku zake kwa bamvua na maji mafu, na akikosea chombo kinalala kwenye tope mpaka maji yarudi. Mtoto anayehesabu sekunde kutoka radi inapomulika hadi ngurumo inapofika anafanya hesabu ya kimaabara: kila sekunde tatu ni kilomita moja. Kutoka hapo mpaka kwenye mawimbi ya redio ni hatua moja tu. Badala ya theluthi ya kilomita kwa sekunde, weka kilomita 300,000. Mwezini sauti ya redio inafika kwa sekunde moja na robo hivi. Mirihi ni dakika tatu zikiwa karibu, dakika 22 sayari hizi mbili zikiwa pande tofauti za Jua. Mama wa Newala akimuuliza mwanawe aliyeko Mirihi "umekula?", jibu linaweza kuchukua zaidi ya dakika 40 kurudi, na katika dakika hizo mengi yanaweza kutokea huko. Hiyo ni drama iliyotengenezwa na fizikia yenyewe. Anayeifuta ili "kurahisisha" amefuta hadithi.

Tena Kusini kuna mtaji ambao watayarishaji wa mbali hawauoni. Kwa Wamakonde, Wamakua, Wayao na Wamwera, ukoo kwa jadi hufuata upande wa mama, na neno la mjomba lina uzito ambao kwingine hupewa baba. Mfanye nahodha wa chombo awe mjomba wa fundi kijana, na mamlaka ya chombo kizima inaeleweka bila maelezo:

"Mjomba, lango la tatu halifungi."

"Umelisukuma?"

"Nimelisukuma, mjomba."

"Basi toka hapo. Usikimbie. Toka."

Mistari minne, hakuna cheo kilichotajwa, na msikilizaji anajua nani atabaki kulishikilia lango.

Lakini hata usimulizi uliokamilika huuawa na kifaa. Fikiria ghala la korosho Tandahimba, minada imeanza, walinzi wawili wana simu moja na hedifoni moja ya waya. Mzee kaweka sikio la kushoto, kijana la kulia. Mtayarishaji, aliyehariri na hedifoni kubwa katika chumba kimya, amemweka nahodha upande wa kushoto na kompyuta ya chombo upande wa kulia ili isikike kama sinema. Mzee anasikia maswali matupu. Kijana anasikia majibu matupu. "Huyu mbona anaongea peke yake?" anauliza mzee. Kijana naye anashangaa, kwani kwake hakuna aliyeuliza kitu. Kufikia sehemu ya nne wamerudi kwenye majini, ambako msimulizi yuko katikati. Ukiwahesabu walinzi hawa kuwa ni watu walioshindwa na sayansi, umekosea hesabu. Sauti zote za watu zikae katikati. Upepo, mashine na mvua ndivyo vitembee pembeni. Kabla ya kutoa kipindi, kibanwe kiwe mono, yaani sauti moja isiyo na kushoto wala kulia, na kisikilizwe upya. Kinachopotea hapo kitapotea pia kwa anayesikiliza kwa spika moja ya simu.

Tatizo la pili ni spika ya simu. Spika ndogo kama ukucha haitoi kitu cha maana chini ya hezi (mitetemo kwa sekunde) 400 hivi. Ule muungurumo wa injini wa hezi 60 uliochukua siku mbili kutengenezwa, kwa msikilizaji haupo kabisa. Anachosikia ni msimulizi akitetemeka bila sababu. Dawa yake ni kuuchafua muungurumo kidogo kwenye programu ya kuhariri ili uzae milio ya juu yake, kati ya hezi 300 na 600. Sikio likiipata hiyo hujijazia lenyewe ile ya chini, ni hila ya ubongo inayojulikana. Kwa upande wa pili kuna saluni zenye sabufa, ambako muungurumo uleule utatikisa vioo na kumfunika msimulizi, kwa hiyo chini ya hezi 80 pakatwe. Kiwango cha jumla kikae LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti) -16 kwa stereo au -19 kwa mono, kilele kisivuke desibeli -1, na milio ya mazingira ikae desibeli 18 hadi 20 chini ya sauti ya mtu, ikipanda taratibu kwa desibeli sita hivi anaponyamaza. Kosa linalorudiwa kuliko yote ni mnong'ono kufuatiwa na mlipuko. Msikilizaji amepandisha sauti ili amsikie msimulizi anayenong'ona, ghafla mlango wa chuma unalipuka, mtoto aliyelala anaamka, na chumba cha pili kinatoka sauti: "Zima hilo!" Anazima. Kesho yake anaona aibu kuliwasha tena.

Jaribio la bei nafuu la kupima haya yote ni kupanda kivuko cha Msangamkuu, simu mkononi bila hedifoni, sauti nusu. Ukifuata kisa mpaka ng'ambo bila kuirudisha nyuma, kipindi kimeiva. Kama umeyapata maneno na kuikosa hali, ongeza maneno ya hali, si milio. Mlio husindikiza jambo ambalo neno limeshalileta. Mtu hatambui kwamba mkwaruzo ule ni mkono wa roboti mpaka aambiwe, "mkono ule ukajikunja". Akishaambiwa, hata mkwaruzo wa kijiko kwenye sufuria unamtosha.

Na sufuria si utani. Karakana ya sauti ya BBC iliyoanzishwa mwaka 1958, iliyotengeneza milio ya anga ya kizazi kizima, ilitumia vitu vya nyumbani na wembe wa kukatia tepu. Delia Derbyshire aligonga kivuli cha taa cha chuma, akaurekodi mwangwi wake na kuugeuza muziki. Huku kwetu vifaa vimejaa. Chumvi ya mawe kilo mbili kwenye karai, ikikanyagwa na viatu vya ngozi, ni vumbi la mwezini linalovunjika. Maganda makavu ya korosho ni mwamba unaopasuka chini ya buti. Mawimbi ya usiku Msimbati, yakipunguzwa kasi nusu, hushuka oktavu nzima na kuwa mtambo mkubwa unaopumua. Anayetaka Mirihi ya kweli ana data ya kweli: maikrofoni za Perseverance, roboti ya Marekani iliyotua huko mwaka 2021, zilionyesha kwamba sauti husafiri mita 240 hivi kwa sekunde ikiwa nene na 250 hivi ikiwa nyembamba, dhidi ya 340 hivi kwetu, na kwamba hewa ile ya kaboni dioksidi huzimeza sauti nyembamba. Yaani mtu akiita kutoka mbali Mirihi, inasikika kama yuko nyuma ya godoro, tena hafifu. Ukijua hivyo huhitaji programu ya maelfu, unahitaji godoro.

Godoro lenyewe ndilo studio. Bado watu wanabandika trei za mayai ukutani wakiamini zinaua mwangwi. Hazifanyi kitu cha maana kwa sauti ya mtu, ni karatasi. Kanga nazo ni nyepesi mno. Magodoro mawili ya sponji ya inchi nne yaliyosimamishwa kona moja, na blanketi zito nyuma ya mgongo wa msomaji, yanafanya kazi. Maikrofoni ikae shubiri moja kutoka mdomoni, imeelekezwa kona ya midomo badala ya katikati ili p na b zisipige. Rekodi kwa kilele cha desibeli -12, kisha acha dakika moja ya chumba kitupu mwishoni, itahitajika kuzibia mashimo wakati wa kuhariri. Adui mkubwa ni bati: jioni linapopoa hulia kama mtu anayekanyaga juu ya dari, na kuanzia Desemba hadi Aprili mvua ikigonga hakuna kurekodi. Saa nane usiku hadi saa kumi ndio muda, kabla ya jogoo na adhana, feni imezimwa na friji imechomolewa. (Asubuhi usisahau kuichomeka tena.)

Kuna wanaosema haya yote ni gharama, na kwamba kompyuta sasa inasoma Kiswahili vizuri vya kutosha. Hoja ya gharama ni ya haki. Mtu mmoja mwenye simu na bando anaweza kutoa kipindi kwa saa moja, na sauti ya mashine haiugui mafua. Lakini sikiliza inapojikwaa. Haijui kwamba kuna barabara ya lami, yenye mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na kuna "nimekuelewa barabara", ambako mkazo husogea nyuma. Ukiiandikia "watu 2" inaweza kusoma "watu mbili". Mwaka 2190 unaweza kugeuka Kiingereza ghafla. Hitilafu hizo za maandishi zinatibika kwa kuandika kila namba kwa maneno. Isiyotibika kirahisi ni pumzi. Mashine mara nyingi huweka vituo vya urefu unaofanana kila penye nukta, wakati ile "jana zilikuwa mbili" inataka kusita kabla na kutua zaidi baada, na kusita huko kunatoka kwa mtu aliyeelewa kwamba mwenzake atakufa. Kwa kompyuta ya chombo, sauti ya mashine inafaa sana, tena hapo kasoro zake ni mapambo. Kwa msimulizi, bado.

Hoja nzito kuliko zote upande wa pili ni ya kutoa msimu mzima kwa mkupuo, na haistahili kubezwa. Mtandao wa vijijini ni wa kubahatisha. Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, intaneti ilidorora nchi nzima kwa siku kadhaa, na mwezi huohuo barabara ya kutoka Dar es Salaam kuja Kusini ilikatwa na maji upande wa Kilwa. Mtu anayeshuka Masasi mara moja kwa wiki mbili anataka kujaza memori kadi aondoke nayo. Kumwambia asubiri Ijumaa kwa Ijumaa ni kumfungia nje. Hapo wanaomwaga wana haki.

Wanachokosea ni kudhani kwamba kungoja ni kasoro ya teknolojia ambayo imeshatibiwa. Kwa simulizi ya mfululizo, kungoja ni nusu ya kazi. Imekatika patamu, watu wana arosto, kila mmoja kijiweni ana nadharia yake kuhusu ile feni ya pili: imezimwa na mtu, imeharibika, au haikuwahi kuwepo. Katika sayansi ya kubuni mabishano hayo yana thamani kuliko kwenye mapenzi, kwa sababu ndiyo yanayowafanya watu wafikiri kisayansi bila kuamrishwa: wanapanga ushahidi, wanafuta nadharia, wanaulizana kaboni dioksidi ni nini hasa. Ukimpa mtu vipindi kumi kwa usiku mmoja, cha nne anakisikiliza akisinzia, cha tano kinampita, cha sita hakieleweki, naye anahitimisha kwamba sayansi ni ngumu. Takwimu za mtayarishaji zitaonyesha ameishia cha nne. Ndiyo hiyo kauli tuliyoanza nayo, na sasa unaona ilivyozalishwa.

Njia ya kati ipo. Kipindi cha dakika 25 kwa kilobiti 64 kwa sekunde za mono ni megabaiti 12. Kwa Opus (aina ya faili inayobana sauti) ya kilobiti 32 ni sita, na sauti ya mtu haipotezi kitu cha kulilia. Toa viwili kwa wiki mbili katika faili moja, si kumi. Kila kimoja kianze na sekunde 40 za msimulizi akikumbusha, si kwa muhtasari mkavu bali kwa kitu kimoja: "Ilibaki feni moja." Kifungwe kwenye swali ambalo mtu anaweza kulijadili bila simu mkononi. Redio za jamii nazo zinaweza kurusha kipindi kilekile saa tatu usiku kwa wenye viswaswadu, ambao kwenye mjadala huu wamesahauliwa kabisa, na ambao redio iliyo ndani ya simu zao haili bando.

Upande wa msikilizaji pia kuna ufundi, ingawa ni mfupi. Kusikiliza huku unavinjari picha ni kupoteza bando. Simu ukiitumbukiza kwenye kikombe unaongeza kelele na kuharibu maneno. Ilaze mezani, spika ikitazama ukuta kwa umbali wa vidole vinne, na sauti inanenepa. Taa zimwa. Vipindi viwili kwa usiku, basi.

Haya yakieleweka, swali la Kusini linabadilika. Haliwi tena watu wanaweza kusikiliza nini, linakuwa nani atasimulia cha kwao. Wavuvi wa Kilwa walimvua silikanti mwaka 2003, samaki ambaye hadi 1938 wanasayansi waliamini alitoweka zama za dinosaria. Gesi ya Mnazi Bay iligunduliwa mwaka 1982 na bomba la kuipeleka Dar es Salaam likazinduliwa mwaka 2015, na hakuna aliyesimulia bado kile ambacho mtambo ungesikia ukiachwa peke yake huko chini. Na Tendaguru, kaskazini-magharibi ya Lindi, kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimbisha zaidi ya tani 200 za mifupa ya dinosaria yenye umri wa miaka milioni 150 hivi, na mmoja wa wanyama hao amesimama leo Berlin akiwa na kimo cha zaidi ya mita 13. Lori halikuwepo. Mizigo ilibebwa kichwani hadi bandari ya Lindi, msafara baada ya msafara. Mlio wa miguu ile hakuna aliyeurekodi; karai moja la chumvi na watu sita wanaotembea bila kusema neno vinatosha kuanzia.